Harusi Juu ya Sakafu ya Shaibu

Alikuwako mtu pwani ya kusini, jina lake Shaibu, aliyekuwa na hoteli ya vyumba saba ufukweni. Mkewe Somoe alipika. Binti yao Tatu alipokea wageni, na kaka yake Sefu alitengeneza kila kilichoharibika. Shaibu mwenyewe alivipenda vyumba. Kila asubuhi alivifungua kimoja kimoja, akanyoosha shuka ambazo zilikuwa zimenyooka tayari.

Mwezi wa nne kikaja kimbunga, kikaezua paa. Familia ikalia siku moja. Siku ya pili ikapanda kuezeka. Walikuwa wamebakiza chumba kimoja tu kilipokuja kimbunga cha pili, na hicho hakikuishia kwenye paa. Kiliangusha kuta, kikasomba vitanda, kikaacha kila mahali pamefukiwa mchanga. Kijiji kilikuwa nyuma ya kilima. Huko upepo ulipita juu kwa juu, nyumba nyingi zikasalimika. Hakuna aliyekufa. Watu walimwambia Shaibu amshukuru Mungu, naye akashukuru kwa mdomo. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaipa bahari mgongo, akawa hataki hata kusalimiwa.

Siku ya nne akaja mwalimu mmoja wa shule, Apolonia, kwa pikipiki, kutoka upande wa Masasi. Alikuwa amepanga kumwozesha binti yake hapo hotelini, na zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Alipoiona hali ilivyo, machozi yakamtoka.

"Poleni sana, baba," akasema. "Msijisumbue tena na shughuli yetu. Tutatafuta kwingine."

"Utusamehe, mwalimu," Shaibu akajibu. "Hoteli imekwisha."

Somoe alikuwa kando, akisugua sufuria alizozifukua mchangani. Akainuka, masizi yamemfika kwenye viwiko. "Vilivyokwisha ni vyumba, mwalimu," akasema. "Wenyeji tupo. Mlete mwanetu tumwoze hapahapa."

 Mwalimu akamkumbatia, masizi na yote, akapanda pikipiki akaenda kuwaambia watu wake kwamba mahali ni palepale.

Shaibu alikasirika. Siku mbili hakusema na mkewe, kwa kuwa aliona amemtia aibu kwa kuahidi kitu ambacho hawana. Somoe hakubishana naye. Alipanda kilima, akaenda nyumba kwa nyumba akiuliza jambo moja tu: mnaweza kutulazia wageni wawili? Wengine walicheka, wakasema wao hawajui mambo ya hoteli, vitanda vyao ni vya kamba. Somoe akawaambia mgeni akilala vizuri haulizi kitanda ni cha nini. Hakuna nyumba iliyokataa.

Siku ya tatu tangu mwalimu aondoke, Sefu na Tatu walikuwa wakiondoa mchanga kwa majembe, wakafika kwenye sakafu. Ilikuwa nzima, haina hata ufa. Ilikuwa ile sakafu nyekundu aliyoipiga baba yao kwa mikono yake kabla wao hawajazaliwa. Tatu akaimwagia maji, ikang'aa. Shaibu akaiona kutoka pale alipokaa. Akasimama, akaichukua ndoo aliyokuwa ameikalia, akaenda kuchota maji.

Tangu hapo kazi ilikwenda mbio. Minazi ilikuwa imelala ovyo ufukweni kote, na wanaume wa kijiji wakaikata, wakapata nguzo. Wanawake wakakaa kwenye kivuli cha turubai, wakasuka makuti kwa matawi ya minazi hiyohiyo, huku wakiimba na kumtania Shaibu kwamba sasa ana hoteli isiyohitaji ufunguo. Alijaribu kununa. Akashindwa, akacheka mpaka akashika mbavu, na Somoe aliposikia kicheko hicho akaiacha sufuria jikoni akaja kutazama kwa macho yake.

Siku ya harusi watu mia mbili walitoka kanisani wakaja kukaa juu ya sakafu ile, chini ya makuti mabichi. Walikula pilau na samaki wa kupaka. Ngoma zilipigwa, bibi harusi akavua viatu, na Shaibu akacheza na mkewe mbele ya watu wote, yeye ambaye tangu wamejuana alikuwa akisema hajui kucheza. Jioni wanakijiji wakateremka kilimani, kila mmoja akaita wageni wake kwa majina, akaondoka nao.

Asubuhi wageni walirudi wote wakizungumza kwa wakati mmoja. Huyu amefundishwa kukuna nazi. Yule amepewa jina jipya. Mjomba wa bwana harusi, mtu mnene aliyelalamika sana aliposikia hakuna vyumba, alisema bibi mwenye nyumba alimgombeza kwa kuacha uji, kama marehemu mama yake alivyokuwa akimgombeza. Akauliza kama anaweza kubaki wiki moja. Alibaki wiki tatu.

Sasa Shaibu amejenga vyumba viwili tu. Vingine viko kijijini, majumbani mwa watu, vimekuwa ishirini na kitu, na wenyewe ndio wanaovifagia. Ile sakafu hakuigawa tena kwa kuta. Watu hula chakula hapo, wa kijiji na wa mbali, na kila wiki hakosekani mtu wa kuozwa, wa kupewa jina, au wa kusherehekewa tu kwa kuwa amefika salama.

Nawe unayenisikiliza, siku upepo utakapokuondolea yote uliyoyajenga, mgeni akija atamkuta mwenyeji?