Gamba Moja la Simbi

Sogeeni, mkae vizuri. Asiyetaka kugombana na jirani yake leo aondoke sasa hivi, maana hadithi hii kila nikiisimulia watu hurudi makwao wamenuniana.

Palikuwa na wasichana watatu waliolima mwani kwenye kamba ufukweni pamoja na mama zao. Kazija alijaliwa masikio: kaa akitembea chini ya mchanga, yeye anamsikia. Raya alijaliwa miguu; ukimtuma, hujamaliza kusema kashafika. Mize alijaliwa vidole. Bibi yake alificha sukari kwenye leso na kuipiga mafundo saba, na bado sukari ilipungua.

Hao ni wa nchi kavu. Majini alikuwapo Simbi, mtoto wa nguva, juu mtu, chini samaki, na mwenye hadithi ni yeye. Simbi hakuwa na rafiki hata mmoja. Kila maji yalipoanza kutoka na wale watatu wakashuka shambani, alijificha kwenye kamba za mwani akawasikiliza wakicheka, kisha akaondoka kabla hapajakauka.

Sasa, nguva akitaka kulala hufunga nywele zake kwenye majani ya baharini ili mkondo usimchukue. Siku hiyo Simbi alifika mapema, akajifunga kwenye kamba ya mwani, akasinzia kidogo akiwangoja. Kidogo gani! Alipofumbua macho, maji yalikuwa yamekwenda zake. Jua la saa sita liko juu yake, mkia uko mchangani, na nywele zimesokotana na kamba na vigingi. Alishtuka hata sauti ikamkauka. Akabaki kulia kooni tu.

Mama zao walikuwa harusini, kwa hiyo wasichana walikuja peke yao, wakipiga soga. Kazija akawashika mikono wenzake.

"Nyamazeni. Kuna mtu analia."

"Upepo huo," Raya akasema.

Kazija hakubishana. Alikifuata kile kilio kamba kwa kamba, mpaka wakamwona. Na Simbi alishtuka kuliko wao, maana tangu azaliwe hajawahi kuonwa na mtu.

"Maji," alisema.

Raya alishachukua ndoo. Bahari ilikuwa mbali, na njia yote ni matumbawe. Alikwenda akarudi, akammwagia, akakwenda tena. Safari ya kumi nyayo zilikuwa zinavuja damu, lakini ngozi ya mkia ikaacha kupasuka.

Mize akatoa kisu cha kukatia mwani. Simbi akaangua kilio, akamwambia nywele za nguva zina uhai wake, ukikata mmoja tu anakufa. Mize alikitupa kisu. Akaketi akafungua unywele mmoja mmoja mpaka kucha zikamng'oka. Haukukatika hata mmoja.

Wakambeba watatu hadi majini. Bibi yake Simbi, nguva mwenye mvi, alikuwa anamngoja.

"Chagua," akamwambia.

"Nichague nini, bibi?"

"Nguva akionwa na watu hutoa gamba moja, mara moja maishani. Atakayepewa ni rafiki yako hadi kufa. Waliobaki, ukizama tu, watasahau kwamba waliwahi kukuona."

"Wameniokoa wote watatu."

"Najua. Gamba ni moja."

"Na nisipochagua?"

"Watasahau wote."

Simbi aliwatazama mmoja mmoja. Asubuhi hakuwa na rafiki, alasiri anao watatu, na sasa anaambiwa awatupe wawili.

"Bila masikio yangu tungekupita," Kazija alisema taratibu.

"Hata kama ungesikiwa, bila maji ungekauka hapo hapo," Raya akasema.

Mize alificha vidole vyake. "Wangekumwagia maji mpaka lini, kama usingefunguliwa?"

Kisha wakatazamana, wote watatu wameduwaa. Hawakuwahi kushindana hata kwa andazi.

Simbi aling'oa gamba kiunoni, likamuuma sana. Maji yalikuwa yanapanda, na bibi yake ameshaanza kugeuka aende zake. Mikono mitatu iko wazi mbele yake, na wenye mikono wanalia.

Mimi naishia hapo, na msinitazame mimi. Wewe uliyekaa hapo mbele, je, ungeamua vipi? Gamba lile ungelitia mkononi mwa nani? Na wale wawili, ungewaambia nini kabla hawajakusahau?