Kwa Nini Mwenye Ufagio Haamkiwi

Haya, mmemwamkia tena mama wa watu, na ufagio anao mkononi! Nimesema mpaka nimechoka. Kaeni hapo kwenye mkeka msikie desturi hii ilikotoka, maana naona kukatazwa tu hakuwaingii.

Enzi hizo, hapa Mrindeni, mtu alifagia uwanja wakati wowote, na aliyefagia aliitwa na kila mwenye mdomo. Palikuwa na mwanamke jina lake Namkunda, mke wa Kiangi, mama wa mtoto mmoja wa miaka sita, Nakijwa. Kabla hajafikicha macho, Namkunda alikuwa keshaitwa mara tatu. Mama mkwe wake, Nanzia, alitaka kujua chumvi iko wapi, na chumvi ilikuwa palepale ilipokaa tangu Namkunda aolewe. Kiangi aliulizia panga lake, kumbe kalikalia. Wifi yake alikuja kuazima ungo ambao alikuwa keshauazima mwezi uliopita na hajaurudisha. Namkunda aliwajibu wote. Jua likifika utosini alikuwa hasemi tena, anabweka.

Hayo angeyavumilia. Lililomkata maini ni siku alipotoka kisimani akamsikia Nakijwa nyuma ya nyumba akimnong'oneza bibi yake: "Bibi, mama ameamkaje leo? Nimfuate au nisubiri?" Mtoto wa kumzaa mwenyewe anamwogopa! Namkunda aliutua mtungi akalia, na hata kilio hakukimaliza, kwa sababu Kiangi alimwita kuuliza kama ugali umeshaiva.

Akaenda kwa mganga, Mzee Semvua. Mzee akamsikiliza, akamwambia: "Mwanangu, huna ugonjwa. Kichwa chako kimejaa mambo ya watu. Kila asubuhi kaa kimya, usikilize pumzi zako tu. Kisha ya jana yachore mahali uyaone, yakutoke." Rahisi kwake kusema. Mzee aliishi peke yake na kuku wawili.

Namkunda akajaribu. Asubuhi ya kwanza alikaa juu ya jiwe kando ya nyumba, akafumba macho. Hajavuta pumzi ya kumi, Nanzia akapiga ukelele: "Jamani, mkwe wangu anaumwa!" Kwa watu wa hapa, mtu mzima kukaa bila kazi mkononi ni ugonjwa au ni msiba. Wakamletea uji. Asubuhi ya pili wakamletea majani machungu, wakamshika pua ayanywe. Ya tatu, alipofumbua macho alikuta wanawake wa ng'ambo ya mto wamemzunguka na vilio vyao, mmoja keshaanza kumsifu marehemu bila kujua ni nani.

Na michoro je? Aliichora kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Kiangi akaingia, akaitazama, akauliza, "Huyu mwenye domo kubwa ni mimi?" Akanuna siku nne.

Ya tano Namkunda aliamka na hasira, akakamata ufagio. Hakuwa na nia nyingine, ni kufagia tu. Akaanzia mlangoni, akarudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, mpaka pumzi ikafuatana na mkono. Nanzia alichungulia, akaona mkwe wake ana kazi, akarudi ndani bila neno. Hapo ndipo Namkunda alipowajua watu wake! Akaugeuza ufagio, na kwa kishikio akachora vumbini chumvi, panga, wifi na ungo, na uso mdogo wa Nakijwa akinong'ona. Akavitazama vyote, na huo uso akautazama zaidi. Kisha akavifagia vyote, ikabaki mistari mitupu ya ufagio.

Akafanya hivyo kila asubuhi. Lakini midomo haikai. Walipoona haumwi, wakaanza tena: chumvi, panga, mbuzi kakata kamba. Hakuitika. Wakasema ana kiburi.

Asubuhi moja Nanzia alishindwa kuvumilia. Akatoka, akakanyaga katikati ya uwanja uliofagiliwa, nyayo zake zikakatiza mistari yote.

"Nakuita mara ya nne! Nimekuzalia mume, na kuniitikia hutaki?"

"Mama, nikiuweka ufagio huu chini, mimi ni wenu mpaka jua lizame. Nikiwa nimeushika, msiniite. Naomba hilo tu. Hilo tu, mama!" Sauti ilimpanda.

"Basi kafagie uwanja wa kwenu! Funga mizigo yako leo hii, na mtoto unamwacha hapa."

Majirani walikuwa wamejaa nje ya ua. Kiangi alisimama na panga lake. Nakijwa akatoka mlangoni, akazunguka pembeni ili asiharibu mistari, akamshika bibi yake nguo.

"Bibi, usimwite mama. Akifagia mpaka mwisho, huwa simwogopi."

Nanzia aliinama. Akatazama chini, akaona alivyouvuruga uwanja. Akarudi nyuma, akikanyaga palepale alipokuwa amekanyaga. Namkunda akafuta nyayo zile, akafagia mpaka kwenye ua, akarudi kwa pembeni, akauegemeza ufagio ukutani. Ndipo Nanzia akasema, kwa sauti ya chini:

"Umeamkaje, Mama Nakijwa?"

Tangu aolewe, hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kumuuliza hilo yeye mwenyewe.

"Nimeamka salama, mama," Namkunda akajibu. Nakijwa alikuwa keshafika magotini pake, bila kumuuliza mtu kwanza.

Na tangu siku hiyo, hapa Mrindeni, mwenye ufagio haamkiwi mpaka auegemeze ukutani. Mistari mibichi haikanyagwi, watu hupita pembeni. Na ukimkuta ameugeuza ufagio anachora, angalia kwingine, hayo ni ya kwake na hayakawii kufutwa.

Haya, yule mama kamaliza. Nendeni sasa, mmuulize ameamkaje. Na wewe uliyekaa na ungo wake tangu mwezi uliopita, kamrudishie!