Gereza Lililojengwa na Waliokataa Kulijenga

Isome mpaka mwisho kabla hujaipeleka kwenye kundi lingine. Nimeiandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Katika mji mmoja wa magharibi mwa Kenya kulikuwa na gereza la zamani la mawe. Mzungu aliyekuwa D.C., mkuu wa wilaya wa hapo, aliwaamuru wanaume wa vijiji vya karibu waje walijenge, bila malipo, msimu wa palizi. Wengine wakakataa. Akawakamata, akawahukumu, kisha akawalazimisha kulijenga hilo hilo wakiwa wafungwa. Yaani wafungwa wake wa kwanza walifungwa kwa kosa la kukataa kulijenga. Kama hujakasirika, rudia kusoma.

Kadhaa walikufa kwa viboko na njaa. Jamaa zao walipokuja kuchukua maiti, D.C. alisema mfungwa haachiliwi kabla kifungo chake hakijaisha, hata akifa. Wakazikwa uani, nyuma ya jiko. Vifungo vikaisha, D.C. akarudi kwao, bendera ikabadilishwa, na hakuna aliyekuja kuwafungulia.

Miaka ikapita. Wafungwa wakahamishiwa kwingine, jengo likabaki tupu. Ndipo gavana mmoja akaamua kuligeuza hoteli. Watalii wangelala ndani ya seli juu ya magodoro mazuri, na ule ua ungekuwa maegesho ya magari.

Ajuza mmoja, Kukhu Nabwile (kukhu ndiyo bibi kwa lugha yetu), akaenda ofisini kwake. Baba yake, Khaoya, alikuwa mmoja wa waliozikwa pale.

"Mheshimiwa, kabla hujamwaga zege, turuhusu tuchimbe. Nataka kumzika baba nyumbani kabla sijafa."

"Kukhu, hayo ni mambo ya zamani. Tuangalie mbele. Kaunti inahitaji wageni."

"Mifupa ya baba itamfukuza mgeni gani?"

Gavana akacheka, akaagiza Kukhu apewe soda. Soda! Mtu anaomba baba yake, anapewa soda. Zege likamwagwa wiki hiyo hiyo.

Sasa, huku kwetu mtu akifa mahali ambapo mwili wake hauwezi kupatikana, tunazika shina la mgomba badala yake. Linaviringishwa shuka, linaliliwa kama maiti, linateremshwa kaburini. Familia ya Khaoya haikuwahi kufanya hivyo, kwa sababu ilijua mwili uko wapi. Walikuwa wakingoja tu siku ya kuruhusiwa kuuchukua.

Siku ya ufunguzi ikafika. Watu wa gavana walikuwa wamekata migomba na kuisimamisha pande zote mbili za njia, kutoka langoni mpaka penye utepe, kama inavyofanywa kwenye harusi au akija mkubwa. Kati ya wote waliosomea kupamba sherehe, hakuna aliyejiuliza anapamba nini, na wapi.

Gavana alishika maikrofoni na kusifu historia ya jengo. Alimtaja D.C., akataja mawe na unene wa kuta. Waliobeba mawe hayo hakuwataja.

Kukhu Nabwile akainuka kwenye viti vya nyuma. Akaenda mpaka kwenye mgomba wa kwanza, akauangusha, akavua leso aliyojifunga kiunoni na kuuviringisha. Kisha akapiga ukemi.

"Khaoya, baba! Nilikungoja kwenye udongo, wamekumwagia zege. Twende nyumbani!"

Mwanamke mwingine akainuka, akautwaa mgomba wa pili na kulia jina la babu yake. Wakafuata wengine na wengine. Wageni wakaacha vinywaji mezani na kuyakimbilia magari yao.

"Wazuieni!" gavana akamfokea mkuu wa polisi.

"Mheshimiwa, huo ni msiba," yule askari akajibu, akavua kofia. "Mimi siwezi kuzuia msiba."

Wanawake wakatoka langoni na wafu wao mabegani. Ukabaki mgomba mmoja tu, ule wa karibu na utepe. Gavana akaona afadhali, angalau picha moja itapigwa. Akachukua mkasi.

Hapo mama yake mzazi, Rasoa, aliyekuwa ameketi jukwaani kwenye kiti cha heshima, akateremka polepole. Akafika kwenye ule mgomba, akaanza kuufunika kwa kitenge alichonunuliwa na mwanawe kwa ajili ya siku hiyo.

"Mama, rudi ukae! Watu wanatuangalia."

"Waache waangalie. Huyu ni mjomba wako Wepukhulu."

"Si mlisema mjomba alipotelea Uganda?"

"Hakuwahi kuiona Uganda. Baba yetu alituambia tuseme hivyo, tusije tukakamatwa na sisi. Yuko hapo, chini ya maegesho yako."

Gavana akabaki na mkasi mkononi. "Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Nilikuja ofisini kwako siku ile ile aliyokuja Nabwile. Nilisimama mlangoni nikasikia ulivyomjibu. Nikarudi nyumbani. Mwanangu, nilikuogopa kama tulivyomwogopa D.C."

Gavana akauweka mkasi chini.

"Sasa shika huku," mama akasema. "Peke yangu simwezi."

Akashika. Wakatoka naye langoni, mama mbele, mwana nyuma, na utomvu ukimchuruzikia kwenye ile suti mpya. Na yeyote aliyewahi kukata mgomba anajua doa lile halitoki, ufue upendavyo.

Wewe uliyeletewa hii, ipeleke kwa mkubwa yeyote unayemfahamu. Akinyamaza, mpelekee tena.

Funzo: Kabla hujamwambia mtu asahau maiti wake, kaulize kwanza kwenu ni nani hajazikwa, na ukiona hata mama yako anaogopa kukujibu, ujue umeshakuwa D.C. yule yule mliyemfukuza.