Nani Amfuate Hemedi?

Wenye haraka na watangulie. Wenye nafasi wasogee, maana hadithi hii haina mwisho mpaka ninyi muipe.

Palikuwa na mjane huko Muheza, Bi Mwantumu binti Kilua, mwenye watoto wanne. Watatu aliishi nao. Mmoja, Hemedi, kifungua mimba wake, aliondoka nyumbani baada ya kugombana na baba yake, na baba alipofariki hakuja kuzika. Kwa watu wa kwao, mwana asiyemzika baba yake huona haya hata kuutaja mji wa kwao. Hemedi akabadili namba ya simu, akapotea. Bi Mwantumu hakumlilia mbele za watu. Ila kila alipotaka maji aliita, "Hemedi!" kisha akakumbuka, akaita mwingine.

Hao watatu kila mmoja alijaliwa lake. Zaharani alijua kujenga tovuti. Ruzuna alijua kusema jambo likaeleweka bila kumhadaa mtu. Mhina, kitinda mimba, alijua kutulia akatazama. Aliweza kufuata msafara wa siafu kwa macho hadi ajue unakokwenda.

Bi Mwantumu mwenyewe alikuwa bingwa wa hadithi. Wanawe wakamrekodi, wakaziweka hadithi zake kwenye tovuti ili Wabondei wenzao walio mbali wazisikilize.

Zaharani ndiye aliyeijenga. "Mama, nimetia na vidakuzi," akasema.

"Vidakuzi? Udaku umeingia hadi kwenye hadithi zangu?"

"Hapana, mama. Ni kumbukumbu ndogo ambayo tovuti huiacha ndani ya simu ya mgeni. Akirudi, tovuti huitambua ile simu, ikamwanzishia hadithi pale alipoishia. Jina lake haijui, wala mji alioko."

Ruzuna ndiye aliyeandika maneno ya kuomba ruhusa. Zaharani alitaka kitufe kikubwa cha kukubali, na cha kukataa kifichwe pembeni.

"Kila mtu anafanya hivyo, dada."

"Basi tuwaache wafanye. Mgeni akija kwako unampekua mifuko?"

Akaandika: "Tungependa kuikumbuka simu yako ili uendelee ulipoishia. Ukikubali, ahsante. Ukikataa, utasikiliza vilevile. Ukibadili nia, bonyeza hapa chini, au ufute vidakuzi kwenye mipangilio ya simu yako." Vitufe viwili, vikalingana.

Mhina ndiye aliyepewa kuitunza tovuti. Baada ya muda aliona kuna simu moja inayorudi kila mara kwenye hadithi ya mwali aliyekataa wachumba, nayo haifiki mwisho. Husimama katikati, ikarudi nyuma kidogo, ikasimama tena palepale. Mhina akasikiliza pana nini. Palikuwa na mama yao akikohoa, kisha akisema, "Hemedi, hebu nipe maji, baba." Zaharani alikuwa ametaka kulikata lile kosa, mama akakataa. "Liacheni. Ndivyo ninavyohadithia."

Mhina hakumwambia mtu. Alipanga ile simu itakaporudi, hiyo peke yake, ione maneno haya: "Wewe unayesimama hapa, mama yu hai, naye angali anakuita."

Ile simu ikarudi, ikayapata yale maneno; siku ya pili yake ikapotea. Mgeni alikuwa amevifuta vidakuzi vyote.

Ruzuna alipopata habari alichemka. "Tulimwomba tukumbuke alipoishia, basi! Tulimwambia tutamchungulia?"

"Ni kaka yetu, dada."

"Kwa hiyo kaka ndiye wa kuvunjiwa ahadi?"

Bi Mwantumu aliwasikia. Akaingia chumbani, akafunga mlango. Miaka ile yote hakujua mwanawe yuko wapi. Sasa alijua kwamba alikuwa pale, anamsikiliza, na amekwenda tena. Hilo lilimuuma kuliko lile la kwanza.

Mvua za vuli zikaja, zikaisha. Ndipo ujumbe ukaingia kwenye tovuti:

"Kwingine kote hukataa vidakuzi, maana sitaki kufuatwa. Kwenu nilisoma maneno, nikaamini, nikakubali. Nilipojua natazamwa niliogopa, nikafuta. Lakini nimeshindwa kukaa bila sauti yake. Nitumieni jina la mtu mmoja, nami nitamwelekeza nilipo. Mmoja tu, na asiwe mama. Siwezi kuanza na macho yake. Nikiona wawili, nitahama tena. Hemedi."

Wakakaa ukumbini, mama katikati.

Zaharani akasema, "Bila kidakuzi changu angekuwa mgeni kama wageni wengine, kaja, kapita."

Ruzuna akasema, "Bila maneno yangu angekikataa kidakuzi chako kama anavyovikataa vya wenzako. Mwenyewe kaandika. Mtu mwoga humpelekei aliyemtisha, unampelekea anayemwamini."

Mhina akasema, "Kidakuzi kilikuwepo, na ruhusa ilikuwepo, nanyi mngempita hadi leo. Nani alimtambua? Nani alimwambia mama anamwita?"

"Wewe ndiye uliyemkimbiza!" Ruzuna akamkatiza.

"Na aliporudi, alirudi kwa maneno ya nani?" Mhina akauliza.

"Kwa sauti ya mama," Zaharani akajibu, na hapo wote wakamgeukia mama.

Bi Mwantumu aliwatazama mmoja mmoja. Kila mmoja alikuwa na sura ya Hemedi mahali fulani: huyu paji la uso, huyu mdomo, huyu namna ya kuinamisha shingo. Alitamani, kwa siku moja tu, asiwe mama yake Hemedi, awe mtu baki yeyote, ili aruhusiwe kwenda. Akichagua vibaya, mwanawe atatoweka, na safari hii hatarudi hata kusikiliza.

Simu ameishika mkononi. Jina moja tu ndilo linalongojwa. Aliyeijenga kumbukumbu, aliyeomba ruhusa, au aliyemtambua akamwita: nanyi mliosikiliza, mngemwambia Bi Mwantumu aandike la nani?