Waliomsomesha Editruda

Ilikuwa Jumatano, tarehe tisa Oktoba, saa tisa alasiri. Mzee Kolumbani Ndunguru alikuwa amelala kitandani kwake, mlango ukiwa wazi ili aione mibuni yake kule mteremkoni. Binti yake Editruda alikuwa amemshika kifundo cha mkono. Alikuwa amemaliza mwaka wa kwanza tu wa uuguzi, lakini kuhesabu mapigo ya moyo alishafundishwa, basi akahesabu. Alihesabu polepole, kila mara akingoja lile linalofuata, mpaka hapakuwa na linalofuata.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Tulieni sasa, niwaeleze watu wenyewe, maana mwishoni nitawauliza swali, na asiyewajua watu hawa hataweza kulijibu.

Mzee Kolumbani alikuwa na mkono wa kahawa. Mbuni uliokaribia kukauka akiupogoa yeye, mwaka unaofuata unazaa. Mkewe alikwishatangulia mbele ya haki, akamwachia watoto wawili. Mkubwa ni Osmundi, fundi mwashi, ambaye ukuta wake ukiuangalia kwa jicho moja huoni uvimbe wala bonde. Mdogo ni huyo Editruda. Halafu yupo dada wa mzee, Shangazi Klotilda, mshonaji, aliyeshona magauni ya komunyo ya kwanza ya karibu wasichana wote wa parokia ile.

Editruda alipochaguliwa kwenda chuo cha uuguzi, miaka mitatu ya diploma, mzee alikwenda kwa jirani yake, Mzee Galusi, kuweka shamba la kahawa rehani.

"Kolumbani," alisema Galusi, "unajua nesi analipwa kiasi gani? Mbuni hauna makato. Mshahara ukifika mkononi umeshaumwa kila upande."

"Najua."

"Na akimaliza, ajira haipo pale mlangoni inamsubiri."

"Galusi, nikiugua, mbuni utanipima presha?"

Wakacheka wote wawili, wakapeana mikono mbele ya balozi wa nyumba kumi. Mzee akichelewa kulikomboa shamba ndani ya miaka mitano, litakuwa la Galusi. Hivyo ndivyo mzee alivyolipa mwaka wa kwanza.

Alipofariki, watu walimzika pale pale kwenye mibuni, kando ya mkewe, kama ilivyo desturi yao. Katika kulia, hakuna aliyekumbuka rehani. Galusi alikumbuka. Alisimama kwenye mkusanyiko, kofia mkononi, akatazama kaburi likichimbwa katika shamba lililokuwa rehani kwake. Ni baada ya matanga kwisha ndipo alipomwita Osmundi pembeni. "Sikuweza kuwazuia watu waliobeba jeneza," alisema. "Lakini mkataba ni mkataba, mwanangu. Usije ukasema sikukuambia."

Mwaka wa pili ulikuwa unaanza na ada haipo. Editruda alikunja sare zake akaziweka chini kabisa ya begi, akasema atabaki nyumbani alime. Osmundi alikuwa amechumbia msichana aitwaye Salvina, na kwa miaka mingi alikuwa akinunua bati mojamoja za nyumba atakayomwingiza. Bati zilikuwa zimepangwa chini ya kitanda chake, zimefunikwa na magunia.

"Toa hizo sare begini," alimwambia dada yake. "Kuta zangu hazitakimbia."

"Na Salvina?"

"Salvina nimemwambia. Amenuna siku mbili. Ya tatu akaniuliza kama wewe una viatu vyeupe."

Akauza bati zote. Mwaka wa pili ukalipwa.

Mwaka wa tatu kulitokea ugonjwa wa kahawa, na watu wasiovuna hawajengi, kwa hiyo Osmundi hakuwa na kazi. Shangazi Klotilda wakati huo alikuwa ameanza kupata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa anashika sindano kwa kuipapasa. Kwenye kikoba, chama chao cha akina mama cha kuweka na kukopa, alikuwa ameweka akiba ya upasuaji na ya chakula cha wakati wa kupona. Aliichukua yote, akaifunga kwenye kanga, akampelekea Editruda chuoni mwenyewe kwa basi.

"Shangazi, haya ni macho yako!"

"Nayaona bado. Si nimekuona wewe? Ingawa umekonda, sijui wagonjwa wanakula chakula chako."

Mwaka wa tatu ukalipwa. Ada ya mwaka mmoja ilikuwa sawa na ya mwaka mwingine, hakuna aliyetoa zaidi. Na ukiondoa mwaka mmoja wowote kati ya ile mitatu, hakuna cheti.

Maneno ya Galusi yakawa kweli. Editruda alimaliza, akakaa kituo cha afya akijitolea kwa posho ya sabuni. Kuna jioni alipokuwa akiosha damu mikononi alijiuliza kama wale watatu hawakutupa mali yao. Kisha mama aliyemzalisha akamwita, "Nesi, njoo umshike, amefungua macho," naye akaacha kujiuliza, kwa siku ile.

Hatimaye ajira ikatoka, wilaya nyingine, mbali. Mshahara ulichelewa miezi kadhaa, kisha ukaja wote kwa pamoja, Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu. Editruda alikaa na kalamu. Alitoa kodi ya chumba. Alitoa makato ya mkopo mdogo wa chuo, uliomlisha miaka ile. Zilizobaki zilitosha kurudisha mwaka mmoja wa ada, na nauli ya kwenda nyumbani na kurudi. Fedha za kurudisha mwaka mwingine wa ada, kwa mshahara wake ulivyo, angezipata baada ya miezi kumi na mbili au zaidi.

Akaenda nyumbani. Akamkuta shangazi jikoni kwake pamoja na Osmundi, Jumapili baada ya misa.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina! Nani huyo, Editruda? Sogea niushike uso."

Walikula ugali na majani ya maboga. Osmundi alimtania kwamba siku hizi anakula kwa adabu kama mgeni wa paroko. Kisha Editruda akaweka fedha juu ya meza, akawaambia ukweli wote, kwamba zinatosha kumlipa mmoja tu.

Sasa sikilizeni hali ilivyokuwa. Miaka mitano ya rehani ilikuwa inaisha mwezi ule. Galusi naye alikuwa na mtoto chuoni, ada inamkaba, na mnunuzi wa shamba alishapatikana, mtu wa mbali aliyetaka kung'oa mibuni apande miti ya mbao. Baba yake Salvina alikuwa amesema amengoja vya kutosha. Nyumba isipoezekwa na ndoa isipofungwa kabla ya Majilio, majira ya kungoja Krismasi, binti yake ataolewa na mwingine, na mwingine huyo alikuwepo. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja hospitali ya misheni wiki ile, na wakiondoka hawarudi mpaka mwaka mwingine. Shangazi alikuwa hashoni tena. Wateja wake walikuwa wamekwisha kuhamia kwa mshonaji mwingine.

"Mpe shangazi," alisema Osmundi. "Salvina akiondoka, nitalia, nitanyamaza."

"Nani kakuambia ninyi vijana mnajua kunyamaza?" alijibu shangazi. "Mpe kaka yako. Mimi nguo nimeshashona za kutosha. Nataka kusikia mtoto analia humu ndani kabla sijafa. Kusikia hakuhitaji macho."

"Shangazi, utakaa gizani mwaka mzima," alisema Osmundi.

"Nakaa na rozari yangu. Punje nazijua kwa vidole."

Wakabishana hivyo, kila mmoja akimsukumia mwenzake, mpaka chai ikapoa. Editruda aliwatazama wote wawili, na machozi yakamlenga, maana alikuwa amejiandaa kwa madai, hakujiandaa kwa hili.

Kisha akauliza, "Na baba?"

Osmundi aliinamisha kichwa. "Baba tunamjua. Angekuwa hapa angesema, acheni shamba, mwangalieni aliye hai."

Shangazi Klotilda aligeuza uso upande ilikotoka sauti yake. Kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na utani.

"Usimsemee kaka yangu," alisema. "Mimi nimesamehe, umenisikia kwa masikio yako. Wewe umesamehe, nami nimekusikia. Yeye nani kamsikia? Alitoa sawa na sisi. Hajadai, ni kweli. Lakini hajasamehe pia."

 Editruda alitoka nje, akateremka mpaka kwenye mibuni. Ilikuwa imeota matawi ovyo, imekosa mkono. Alisimama kati ya makaburi mawili ya wazazi wake. Alingoja, kama alivyongoja ile Jumatano, lakini hapakuwa na neno, ni majani tu. Kesho yake asubuhi alitakiwa awe ndani ya basi kurudi kazini, na kabla ya hapo fedha zile ziwe zimeshaingia katika mkono wa mtu.

Basi wasikilizaji wangu, wakubwa kwa wadogo, hapo ndipo ninapomwacha Editruda. Wawili walio hai wamesamehe kwa vinywa vyao, na asiyepewa atabaki ameumia. Mmoja aliyekufa hakusema kitu, na shamba lisipokombolewa, kaburi lake litabaki katika shamba la mgeni. Mwenye kusamehe amepoteza haki yake, au ndiye aliyestahili zaidi? Na ukimya wa marehemu tuuhesabu kuwa ni ruhusa, au ni deni?

Je, wewe ungekuwa Editruda, ungempa nani?

Wazeni bila haraka. Na mnapowaza, tumwombee mzee wetu. Ee Mungu mwenye huruma, mpokee mtumishi wako Kolumbani. Uliyemjua tangu tumboni mwa mamaye, usimsahau ardhini. Msamehe alipokosa, mpumzishe alipochoka, na utukutanishe naye tena mbele yako. Amina.