Kigoda Kimoja cha Ukumbi wa Mkonge

Sogeeni karibu, na yule anayependa kuhukumu kabla hajasikia akae mbele kabisa, ili aonekane. Hadithi hii haina zimwi wala sungura. Ina wanafunzi watatu na kigoda kimoja, na mwisho wake haujapatikana mpaka leo. Ndiyo maana mmeitwa.

Wanafunzi hao walisoma chuo kimoja cha sanaa, mwaka wa pili, na kila mmoja alijaliwa chake.

Mwantumu alijaliwa sikio. Neno likipita karibu naye mara moja tu, basi, limeshaingia. Hata akitaka kulisahau halitoki. Wenzake walimwachia kazi ya kukumbuka kila kitu, kuanzia maneno ya mchezo hadi sufuria ya nani iko chumbani kwa nani.

Mhina alijaliwa mikono. Mpe gunia, sindano na utepe, nenda kanywe chai, ukirudi utakuta kanzu ya sultani. Maneno alikuwa nayo machache, na hayo machache aliyasema akiwa na pini mdomoni.

Jestina alijaliwa koo. Akimsikia mtu akikohoa leo, kesho atakohoa vilevile, na mwenye kikohozi atageuka kutazama. Walimu walimpenda kwa hilo, na kwa hilo hilo walimwogopa.

Sasa, chuo chao kilikuwa na sheria. Mwanafunzi wa mwaka wa pili ajitafutie mwenyewe kikundi cha maigizo cha kwenda kufanyia mafunzo kwa vitendo. Atakayefika Jumatatu ya kufungua muhula akiwa hana mahali, atarudia mwaka. Mwantumu alikuwa amebisha hodi kila alikokujua. Kikundi kimoja kilimwambia kimejaa. Kingine kilimwambia arudi mwakani. Cha tatu kilimkaribisha chai, kikamsifia sana, kisha kikamsahau. Na mjomba wake, ndiye aliyekuwa akimsomesha, alishamwambia mapema kwa sauti ya upole, na upole huo ndio uliomnyima usingizi: "Mwanangu, mwaka huu nitakusomesha. Mwaka huu mara mbili, sitaweza."

Ukabaki Ukumbi wa Mkonge, pale Tanga. Zamani jengo lile lilikuwa ghala la katani, na siku za joto bado linanuka kamba. Mwongozaji wa kikundi cha hapo aliitwa Bi Radhia. Pembeni mwa jukwaa, nyuma ya pazia, alikuwa ameweka kigoda cha miguu mitatu. Hapo ndipo anapokaa mwanagenzi, mmoja tu kwa msimu, akiutazama mchezo kutoka ndani. Wawili hakuwahi kuwachukua. Alisema wanagenzi wawili hutazamana wao kwa wao, mchezo hawauoni.

Mwantumu alipofika mlangoni akawakuta Mhina na Jestina wamemtangulia, moyo ulimshuka hadi kwenye kandambili.

"Shikamoo, Bi Radhia," wakasema wote watatu.

"Marahaba, wanangu. Kigoda kile mnakiona?"

"Tunakiona."

"Ni kimoja. Fanyeni kazi hapa mpaka siku ya mchezo. Siku hiyo, pazia likishafungwa, nitamtaja wa kukikalia."

Wakafanya kazi. Wakafagia, wakachemsha chai, wakabeba viti. Mhina alimshonea Bi Radhia begi lake lililokatika mkanda, bila kuombwa. Jestina aliwachekesha waigizaji hadi wakasahau njaa. Mwantumu naye alicheka, lakini akirudi alikopanga alijilaza akijiuliza: na mimi nimefanya nini leo? Nimekumbuka nani hatii sukari kwenye chai. Ndicho kitakachonipa kigoda?

Msichoke, tunafika penyewe. Pale ukumbini kuna mwiko. Neno la mwisho la mchezo halitamkwi mazoezini. Mwigizaji mkuu hulitunga mwenyewe, akalificha moyoni, akalitoa siku ya kwanza mbele ya watu. Mazoezini wakifika hapo, yeye huinamisha kichwa na pazia hufungwa. Wanasema neno lililozoeana na kuta halimshtui mtu tena. Na ikitokea mtu akalisikia kabla ya siku yake, kwa bahati mbaya au kwa umbeya, ni lazima aende kumwambia mwenye neno, ili alitupe, atunge jingine.

Mchezo wa msimu ule ulimhusu bwana mmoja mchoyo aliyekifunga kisima chake kwa kufuli wakati wa kiangazi. Mwishoni majirani wote wanamjia, naye, ufunguo mkononi, anasema neno lake. Mchoyo huyo aliigizwa na Babu Kerenge, mtu mrefu, mpana, mwenye sauti iliyoweza kufika sokoni bila kipaza sauti.

Siku moja Mwantumu alikuwa akifagia nyuma ya chumba cha kuvalia. Ndani, Babu Kerenge alikuwa peke yake mbele ya kioo. Akalisema neno lake, mara moja tu, kwa sauti ya chini. Kwa sikio la Mwantumu, mara moja inatosha.

Akasimama na ufagio. Alijua anachotakiwa kufanya: abishe hodi, aseme, "Babu, nisamehe, nimelisikia." Lakini atajulikana kuwa ndiye msichana anayesikiliza kwenye kuta. Akamkumbuka mjomba. Akajiambia atasema kesho. Kesho ilipofika akajiambia vilevile. Kila alipompelekea Babu Kerenge chai, alikiweka kikombe bila kumtazama usoni, na Babu akadhani ni heshima. Siku ya kusema haikufika. Ikafika siku ya mchezo.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, ukumbi umejaa. Kiti cha mbele alikaa mwenye jengo, ambaye alikuwa bado hajaamua: awaachie waigizaji ghala lake, au aligeuze kuwa ukumbi wa harusi. Kila mtu nyuma ya pazia alilijua hilo, na hakuna aliyelitaja.

Mchezo ukaenda vizuri hadi karibu na mwisho. Pazia likafungwa kidogo ili kisima kiwekwe katikati ya jukwaa. Babu Kerenge akaja pembeni akitiririka jasho, akakaa kwenye kigoda, kisha akateleza polepole hadi sakafuni. Sukari mwilini ilikuwa imeshuka. Macho yalikuwa wazi lakini ulimi haukufanya kazi. Wakalichana joho lake kutoka shingoni hadi kiunoni ili apate hewa, wakambeba kupitia mlango wa nyuma, wakamkimbiza hospitali.

Bi Radhia akawaambia wapiga ngoma wasinyamaze. Kisha akashika pazia. "Naenda kuwaomba radhi watu," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kila siku.

"Usiende, Bi," akasema Jestina. "Nitaingia mimi. Maneno yake nayajua yote."

Ulikuwa uongo. Jestina aliijua sauti ya Babu Kerenge, kikohozi chake, hata namna anavyovuta pumzi akikasirika. Maneno hakuyajua. Mwantumu alijua kwamba hayajui; aliyekuwa nayo yote kichwani ni yeye.

"Joho limechanika," akasema Bi Radhia. "Na wewe unaingia mara mbili ndani yake."

Mhina alishachomoa sindano. Alitazama joho, akamtazama Jestina, akaenda hadi kwenye pazia la nyuma. Hilo lilikuwa pazia la kwanza la ukumbi, lililoshonwa kwa mkono na wanawake walioanzisha kikundi, na hata kulifua watu waliomba ruhusa. Mhina akalikata upande wa chini, kipande kipana, bila kumwomba mtu. Akaliziba joho, akajaza mabega, akampandisha Jestina juu ya viatu alivyovifungia vipande vya ubao. Ndevu alizitoa kwenye kamba ya katani iliyokuwa ikining'inia nguzoni. Ngoma hazijachosha watu, tayari alikuwa amesimama mzee mpana mwenye ndevu za kijivu.

"Sawa," akasema Bi Radhia polepole. "Na neno la mwisho? Babu kaondoka nalo. Neno la mwisho analo nani?"

Waigizaji wakatazamana. Hapo Mwantumu akapiga hesabu. Akinyamaza, mchezo utakufa, jengo litakwenda, na kigoda hakitakuwa cha mtu. Akisema, atajianika mwenyewe, na tena atampa Jestina neno la kung'aa nalo mbele ya watu wote. Akasikia mdomo wake ukisema kabla hajamaliza kuwaza.

"Ninalo mimi."

Bi Radhia akamgeukia. "Tutaongea," akasema. "Kaa pale."

Pale ni pale kwenye kigoda, maana hakukuwa na mahali pengine ambapo mnong'ono ungeweza kumfikia aliye jukwaani. Mwantumu akakikalia kwa woga, ukingoni, utadhani kina miiba. Pazia likafunguliwa.

Mwantumu akanong'ona, Jestina akadaka, na sauti ya Babu Kerenge ikatoka ikajaa ukumbi. Sentensi kwa sentensi, Mwantumu akifa na kufufuka kila Jestina alipochelewa kuvuta pumzi. Majirani wakakizunguka kisima. Mchoyo akauinua ufunguo, akakohoa kikohozi chake, akamgeukia jirani aliye dhaifu kuliko wote.

"Kiu yangu naijua mwenyewe," akasema. "Shika ufunguo, kanywe wewe kwanza."

Watu wakasimama wakipiga makofi. Mwenye jengo naye alisimama, akapangusa macho, akamwambia aliyekaa jirani kwamba harusi zitafute pengine. Na kabla viti havijaondolewa ikaja habari kutoka hospitali: Babu Kerenge amekunywa soda, amepata nafuu, na anauliza nani kavaa ndevu zake.

Wote wakacheka, isipokuwa watatu. Pazia lilikuwa limefungwa, na ahadi ni deni.

Bi Radhia akakiweka kigoda katikati ya jukwaa. "Kila mmoja aseme alichofanya," akasema. "Na aseme chote."

Mhina akatoa pini mdomoni. "Nimekata pazia la waanzilishi. Sikuomba, kwa sababu nilijua utakataa."

"Ningekataa," akasema Bi Radhia.

Jestina akasema, "Nilikudanganya, Bi. Nilikuwa sijui hata sentensi mbili. Niliogopa ukishafika mbele ya watu utakuwa umeshachelewa kurudi."

Ikabaki zamu ya Mwantumu. "Nililisikia neno nikifagia," akasema. "Ilinipasa nimwambie Babu. Sikumwambia. Niliogopa kufukuzwa."

"Ungemwambia, angetunga jingine."

"Ndiyo, Bi."

"Na leo tusingekuwa na neno."

"Ndiyo, Bi."

"Kwa hiyo nikusifu kwa kosa?"

Majibu walikuwa nayo waigizaji, tena ya kumwaga. Mmoja akasema kigoda ni cha sikio, kwa sababu bila neno Jestina angekohoa tu hadi magharibi. Mwingine akasema ni cha koo, kwa sababu neno bila msemaji ni siri, na siri haipigiwi makofi. Mama mmoja mnene aliyeigiza jirani akasema wote wawili wangezomewa kama si ndevu za Mhina. Wakabishana hadi chai ikapoa, na kila aliyesema alisema kweli.

Bi Radhia akainua mkono. "Mwantumu," akasema, "wewe umesikia yote, na ukisikia husahau. Ungekuwa mimi ungemkalisha nani? Utakayemtaja ndiye atakayekaa. Lakini usinijibu kwa adabu, adabu nimeshiba. Nijibu kweli."

Mwantumu akawatazama wenzake. Mhina alikuwa anaokota nyuzi zilizonasa vidoleni, akijifanya hasikii. Jestina alikuwa bado na uzi mmoja wa katani kidevuni, na kwa mara ya kwanza hakuwa anamwigiza mtu. Jumatatu yao ilikuwa ile ile aliyokuwa akiiogopa yeye. Akimtaja mmoja wao, ni haki, au ni haya tu? Akijitaja mwenyewe, ni kweli, au ni kiu?

Na lile neno la Babu Kerenge, ambalo lilikataa kutoka kama maneno yote aliyowahi kuyasikia, likaanza kujisema kichwani mwake. Kiu yangu naijua mwenyewe. Shika ufunguo. Ni neno zuri, akawaza, na watu wamelipigia makofi. Lakini yule bwana alikuwa na kisima. Yeye Mwantumu hana kisima, ana kiu tu.

Akainua kichwa, akafungua mdomo.

Tumwache hapo hapo, mdomo wazi, watu kumi wakimsubiri, maana na sisi kazi yetu imefika. Wewe uliyekaa mbele, uliyekuwa tayari kuhukumu tangu mwanzo, mbona unatazama chini? Kigoda ni kimoja. Lipo sikio lililoficha kosa likaokoa mchezo, ipo mikono iliyokata kisichokatwa, lipo koo lililodanganya likatimiza. Je, wewe ungeamua vipi? Na kama ungekuwa Mwantumu, wenzako wamesimama mbele yako na Jumatatu inakuja, ungelitaja jina la nani?