Kaburi la Ta Ishengoma Aliyekuwa Hai

"Kaburi la uvumi halilali njaa." Ndivyo nilivyomwambia Asimwe aliposoma kwenye simu kwamba yule mwimbaji wake amekufa, kabla kidole chake hakijawapelekea wenzake. Sasa mmeacha ndizi zipoe, mnataka kujua nimeyatoa wapi maneno hayo. Haya, kaeni. Hayakutoka kwa mababu, mababu hawakuwa na vocha. Mwanzo wake ni huu, na mimi nilikuwepo.

Ng'ambo ya kijito aliishi Ta Ishengoma, fundi baiskeli, mtu mpole mwenye kofia moja ya rangi ya chai ya maziwa. Hakuivua hata kanisani mpaka padri akohoe. Jirani yake alikuwa Byabato. Byabato alilima kahawa, lakini kazi aliyoipenda ilikuwa kuwa wa kwanza. Waziri akiondolewa, wa kwanza kutuambia ni Byabato. Msanii akitaka kumwacha mkewe, Byabato anajua kabla ya mke. Ndiye aliyeanzisha kundi la kitongoji kwenye simu, akalitunza kama wengine wanavyotunza ng'ombe.

Jumanne moja Ta Ishengoma akapanda basi kwenda Mwanza kumwona binti yake aliyejifungua. Alisema atarudi Alhamisi. Alhamisi asubuhi ikaingia picha kwenye simu ya Byabato: basi limelala ubavu, na pembeni, kwenye nyasi, kofia ya rangi ya chai ya maziwa. Byabato akampigia Ta Ishengoma. Hapatikani. Akapiga mara moja tu, maana ukipiga mara ya pili mwingine anaweza kukuwahi. Akaandika: "Ndugu yetu Ishengoma ametutoka kwa ajali. Apumzike kwa amani."

Majibu yakamiminika kama mvua kwenye bati. Mishumaa, nyuso zinazolia, mikono iliyofumbatana. Mmoja akaandika kwamba alimwota. Mwingine, kwamba juzi marehemu alimuaga kwa namna ambayo si ya kawaida. Na mtu mmoja, jina lake silitaji, akaongeza: "Mwili uko njiani, unafika leo alasiri."

Mwili ukiwa njiani, sisi hatungoji. Huku kwetu mtu huzikwa kibanjani kwake, katikati ya migomba aliyoipanda kwa mkono wake, na ni aibu mwili ufike ukute ardhi imefungwa. Kufikia saa sita mchana shimo lilikuwa tayari. Mkewe, Ma Kokuberwa, walikuwa wamemkalisha chini kwenye nyasi, kitambaa kichwani. Mtu mwenye ujuzi wake akachukua picha ya Ta Ishengoma, akaiwekea mbawa na mawingu, akaituma kwetu na kwingine kote.

Saa tisa, ukungu umeshuka mpaka kwenye majani ya migomba, Ta Ishengoma akaja kwa miguu. Kofia kichwani. Simu aliisahau kwa binti yake, imeisha chaji. Ile picha ya basi, tulikuja kujua baadaye, ilikuwa ya nchi nyingine na mwaka mwingine.

"Habari za hapa?" akasema. "Nani amefariki?"

Hatukukimbia. Tulimtazama kama mtu anavyotazama kalenda ya mwaka jana. Mzee mmoja akainua simu, akaangalia ile picha yenye mbawa, akamwangalia Ta Ishengoma, akarudi kwenye simu, kama anayepima ipi ni ya kweli zaidi. Ma Kokuberwa akagusa mkono wa mumewe, akaurudisha wake haraka.

"Ana baridi," akasema.

Hapo akasimama Ma Nyamwiza, shangazi yake Ta Ishengoma, mkongwe ambaye hakuwa na simu wala hamu nayo.

"Byabato," akasema. "Kaburi likishachimbwa kwa jina la mtu, limeshaahidiwa. Kakate mgomba. Uubebe begani wewe mwenyewe, uliyemtangaza. Uuzike kwa jina lake, uulilie watu wakikuona. Ndipo huyu atakaporudi kwetu."

Byabato akacheka kidogo. "Shangazi, mambo ya siku hizi hayana mgomba. Ninafuta tu."

"Unafuta nini?"

"Ujumbe. Ona, nimeufuta kwa wote. Haupo tena."

"Na shimo nalo umelifuta?"

"Shimo tutalifukia."

"Kwa kutia nini?"

"Udongo, Shangazi."

"Udongo si chakula," akasema Ma Nyamwiza, akaenda zake.

Wakafukia. Ijumaa asubuhi udongo ulikuwa umezama hadi magotini. Wakaongeza. Jumamosi ulikuwa umezama hadi kiunoni, na hakuna aliyejua ule wa jana umekwenda wapi.

Na Ta Ishengoma naye alikuwa anazama. Picha yake yenye mbawa ilikuwa inatembea mjini na vijijini, wanalia watu ambao hajawahi hata kuwazibia pancha. Aliazima simu ya mkewe, akaandika kwenye kundi: "Mimi Ishengoma nipo hai." Akajibiwa mishumaa kumi na mmoja. Wateja walimwachia baiskeli mlangoni bila salamu, wakaja kuzichukua bila salamu. Ma Kokuberwa alimpikia, lakini akiondoa sahani chakula kilikuwa vilevile. Sauti ikapungua, ikawa kama redio ya nyumba ya tatu.

Jumapili, nikitoka kanisani, nilimkuta amesimama ukingoni mwa lile shimo, akilipima kwa macho kutoka kichwani hadi miguuni.

"Shikamoo, Ta," nikasema.

"Linanitosha," akajibu. Hakunitazama. "Vipimo wamevipatia."

Mimi si mtu wa mbio, lakini siku ile nilifika nyumbani kabla ya kivuli changu.

Jumatatu mchana Byabato akaja kwa Ma Nyamwiza pekupeku, simu imenyooshwa mbele kama mtu aliyeshika nyoka. Tulikuwa tunamenya ndizi pale barazani, tukaona wote. Picha ileile: basi limelala, nyasi zilezile. Kofia haikuwepo. Palikuwa na gambuti mbili za njano, za Byabato, moja ina kiraka kisiginoni. Na chini yake: "Ndugu yetu Byabato ametutoka."

"Nani ameandika?" akauliza shangazi.

"Namba ni yangu, Shangazi. Sikuandika."

"Na gambuti zako ziko wapi?"

Byabato akaangalia miguu yake. "Zilikuwa mlangoni," akasema.

Ma Nyamwiza akampa panga.

Aliukata mgomba, akaubeba begani peke yake, maji yake yakimchuruzika shingoni. Hatukumsaidia, sheria haikuruhusu. Aliulaza shimoni taratibu kama mtoto, akapiga magoti kwenye matope. Alianza kulia kwa kujilazimisha, halafu kilio kikamshika kweli.

"Nilikuua, Ishengoma," akasema. "Nilikuua ili niwe wa kwanza."

Akafukia. Udongo ukapanda, ukakaa, ukafanya kichuguu kama makaburi mengine yote. Tukangoja.

Halafu kutoka mlangoni ikaja sauti, nene, yenye hasira.

"Nani amekata mgomba wangu wenye mkungu?"

Ma Kokuberwa alicheka mpaka akakaa chini. Ta Ishengoma alikula ndizi za watu wanne siku ile, akauliza kama kuna supu. Gambuti tulizikuta mlangoni kwa Byabato, zimejaa udongo mwekundu mpaka juu. Na Byabato tangu siku ile si wa kwanza kwa lolote. Nyumba yake ikishika moto, atangoja jirani athibitishe.

Naona Asimwe anataka kuuliza. Yule aliyeandika kwamba mwili uko njiani, yeye alifanywa nini?

Hakufanywa kitu. Alifuta ujumbe wake upesi, akakaa kimya, akamenya ndizi barazani na wenzake. Alitaka tu na yeye awe na la kusema. Lakini bila neno lake, wajukuu zangu, jembe lisingeinuliwa siku ile.

Kila masika, ubavuni mwa kaburi lile, udongo hubonyea kidogo. Si shimo pana. Ni upana wa mwanamke mfupi. Mwaka huu nimepita nikaona limefika magotini.

Mnaniona nilivyo mfupi.

Kwa hiyo kesho asubuhi mtanisindikiza kibanjani kwangu. Kuukata mgomba mtanisaidia, begani nitauweka mwenyewe, niupeleke kwenye lile shimo. Na wewe Asimwe, weka hiyo simu chini kwanza, mpaka umpate mtu aliyemwona huyo mwimbaji wako kwa macho yake. Kaburi la uvumi halilali njaa.